Soko la Kiingereza, Cork: Kwenye Meza ya Samaki Alipocheka Malkia

Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kuingia kazini, mimi hupitia Soko la Kiingereza lililo katikati ya mji wa Cork, kusini mwa Ayalandi, na kusimama mbele ya meza ndefu ya samaki ambayo barafu yake humwagwa upya kabla wateja hawajajaa. Alhamisi iliyopita nilitaka chewa wa kilo moja na nusu. Muuzaji alimwinua mmoja, akamfunua shavu kwa kidole gumba ili nione wekundu wake, akamgeuza nimtazame jicho ambalo lilikuwa bado angavu, kisha akaniuliza nilikuwa namlisha nani. Nilipomwambia kwamba tuko wanne nyumbani na kwamba nilikusudia kupika mchuzi wa nazi, alimrudisha yule chewa kwenye barafu na kunichagulia samaki mwingine wa bei nafuu, mwenye nyama iliyoshikana ambayo haivunjiki ikichemka. Alimpara magamba, akamtoa matumbo, akamkata vipande vya unene mmoja, na kichwa akakifunga kando bila kukipima, kwa ajili ya supu. Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, mbali na bahari, na kwa kweli kumchagua samaki nimejifunzia kwenye meza hizi, kwa kuulizwa maswali ya namna hiyo wiki baada ya wiki.

Nimeamua kuandika tathmini ya soko hili kwa sababu Waswahili wengi wanaokuja kutembea Cork huniuliza kama linastahili sifa zake au kama sifa hizo zimetokana na picha moja tu. Picha yenyewe ni ile iliyopigwa humu ndani tarehe 20 Mei 2011, Malkia Elizabeth II wa Uingereza akiwa amesimama mbele ya meza ya samaki, anacheka kwa uso wote, na mbele yake Pat O'Connell, muuza samaki aliyevaa aproni, naye anacheka vilevile. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na hadi leo wageni huingia sokoni wakiitafuta kabla hata ya kutafuta kitu cha kula. Jibu langu kwa wanaouliza ni kwamba picha na huduma ya soko ni kitu kimoja, wala huwezi kuieleza moja bila nyingine.

Ili msomaji aelewe uzito wa kicheko kile, inafaa akumbuke ziara ile ilikuwa nini. Hakuna mtawala wa Uingereza aliyekuwa amekanyaga sehemu hii ya Ayalandi tangu Mfalme George V alipokuja Julai 1911, wakati kisiwa chote kilikuwa bado chini ya taji lake. Miaka mia moja ilipita baina ya majirani wawili wanaotenganishwa na bahari nyembamba, na katika miaka hiyo kulikuwa na vita vya uhuru, mgawanyiko wa nchi, na miongo mitatu ya mauaji huko kaskazini. Rais wa Ayalandi wakati huo, Mary McAleese, ndiye aliyetoa mwaliko. Mnamo tarehe 17 Mei 2011 Malkia alishuka Baldonnel akiwa amevaa koti la kijani, katika uwanja wa ndege wa kijeshi unaobeba jina la Roger Casement. Wasomaji wa Kongo watalitambua jina hilo, kwa maana ni Casement, akiwa konseli wa Uingereza, ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 iliufichulia ulimwengu ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji katika ukusanyaji wa utomvu wa mpira huko Kongo. Mwaka 1916 Waingereza walimnyonga mjini London kwa kosa la uhaini, kwa sababu alikwenda Ujerumani kuwatafutia silaha wapigania uhuru wa Ayalandi. Mfalme wakati huo alikuwa George V, na aliyeshuka kwenye uwanja wenye jina la Casement alikuwa mjukuu wake.

Watu waliipokea ziara ile kwa hisia zilizogongana, na si kweli, kama baadhi ya masimulizi ya baadaye yanavyodai, kwamba nchi nzima ilishangilia tangu siku ya kwanza. Usiku wa kuamkia ziara, bomu lilikutwa ndani ya basi huko Maynooth na kuteguliwa. Chama cha Sinn Féin, chini ya Gerry Adams, kiliipinga ziara hiyo na kusema kwamba wakati wake haujafika. Siku aliyowasili ilikuwa kumbukumbu ya miaka 37 ya mabomu ya Dublin na Monaghan ya mwaka 1974, yaliyoua watu 33, na jamaa za waliokufa waliitumia siku hiyo kudai tena kwamba serikali ya Uingereza ifungue majalada yake. Huko Dublin, polisi walifunga mitaa mingi kiasi kwamba Malkia alipita kwenye barabara tupu, akisalimiwa na kuta na vizuizi vya chuma. Mwenye nchi aliyetaka kumpungia mkono alizuiwa pamoja na aliyetaka kumzomea, na malalamiko ya wafanyabiashara waliofungiwa njia yalikuwa ya haki kabisa.

Kilichobadilisha nyoyo za wengi kilikuwa kitendo cha kimya. Alasiri ya siku ile ya kwanza, katika Bustani ya Kumbukumbu iliyojengwa kwa ajili ya waliokufa wakipigania uhuru dhidi ya Uingereza, Malkia aliweka shada la maua, akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa. Watu waliokulia hapa wameniambia kwamba walikuwa wakitazama televisheni wakiwa wamekunja mikono kifuani, na kwamba kichwa kile kilipoinama walijikuta wameikunjua. Siku iliyofuata alikwenda Croke Park, uwanja ambamo majeshi ya taji yaliwafyatulia risasi watazamaji na wachezaji wa mpira tarehe 21 Novemba 1920 na kuua watu 14. Usiku wake, kwenye dhifa ya Kasri la Dublin, alianza hotuba kwa Kiayalandi, akimwita Rais na marafiki zake kwa lugha ambayo utawala wa mababu zake uliidharau kwa karne nyingi, na McAleese akawageukia waliokaa karibu naye kwa mshangao ambao kamera ziliunasa. Katika hotuba hiyo alikiri kwamba yako mambo ambayo yangetendwa kwa namna nyingine au yasingetendwa kabisa. Hakuomba radhi kwa maneno ya wazi, na wapo waliolipima hilo na kuliona pungufu.

Mimi nami nalipima, kwa sababu siwezi kulitazama jambo hili kama mtu wa pembeni. Elizabeth alikuwa mkoani kwetu, kwenye hoteli ya Treetops, usiku wa Februari 1952 baba yake alipofariki na yeye akawa malkia. Miezi minane baadaye hali ya hatari ilitangazwa Kenya kwa jina lake, na nyanya yangu aliishi ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Mwana wa Elizabeth, Mfalme Charles III, alipokuja Nairobi mwaka 2023 alieleza huzuni na majuto makubwa lakini naye hakuomba radhi, na mjadala uliozuka kwetu wakati huo ulinikumbusha kila kitu nilichokuwa nimesikia Cork kuhusu Mei 2011. Ndiyo maana ninaposema kwamba ziara ya Malkia hapa Cork ilifaulu, silisemi jambo hilo kwa wepesi.

Cork ndiko kulikokuwa na sababu nyingi zaidi za kununa. Wenyeji huuita mji wao na jimbo lao kwa jina la uasi, na jina hilo lina makaburi. Mwaka 1920 mameya wawili wa mji walikufa: Tomás Mac Curtain alipigwa risasi nyumbani kwake mwezi Machi, na Terence MacSwiney, aliyeshika nafasi yake, alifia gerezani Brixton mwezi Oktoba baada ya siku 74 za kugoma kula. Usiku wa tarehe 11 Desemba mwaka huohuo askari wa Uingereza waliyateketeza maduka ya mtaa wa Patrick pamoja na ukumbi wa mji na maktaba. Mlango wa soko ulio kwenye mtaa wa Princes uko hatua chache tu kutoka mtaa ule uliochomwa. Mama mmoja mzee ambaye hukutana nami kwenye foleni ya samaki alinieleza kwamba wiki ile ya ziara aliizima televisheni, kwa heshima ya babu yake aliyepoteza duka katika moto ule, na kwamba alikusudia kutotoka nyumbani hata Ijumaa yenyewe. Hatimaye alitoka, akasimama kwenye mtaa wa Grand Parade nyuma ya vizuizi, kwa sababu, alivyosema, hakutaka mtu wa London aje sokoni kwake naye asiwepo.

Ndani ya soko mambo yalikwenda kwa namna ambayo hakuna mtaalamu wa itifaki angeweza kuipanga. Pat O'Connell hakumhutubia Malkia. Alimwonyesha samaki. Alimweleza kwamba hajawahi kushikwa na wasiwasi wa namna ile tangu siku ya harusi yake, miaka 30 iliyotangulia, na akamwonyesha samaki mmoja wa kina kirefu, mwenye kichwa kikubwa na mdomo wa kutisha, ambaye wauzaji wa hapa humwita samaki wa mama mkwe. Kwetu sisi tuliofundishwa kumpisha mama mkwe njia na kutokula naye meza moja, utani huo unashtua kidogo, lakini kwa Cork ni mazungumzo ya kila siku ya mchuuzi na mteja wake, na huo ndio ufunguo wa jambo lote. Muuza samaki alimpa mgeni wake huduma ileile anayompa mtu yeyote, bila kumnyenyekea na bila kumkaripia, na mgeni akacheka. Kisha Malkia alitoka nje, akaacha ratiba, akavuka barabara kwenda kuwasalimia watoto wa shule na watu waliokuwa wakimsubiri. Baada ya siku tatu za mitaa mitupu, hapo ndipo wananchi wa kawaida walipomfikia hatimaye. Waandamanaji walikuwapo pia na walisikika, jambo ambalo lilikuwa haki yao.

Matokeo yake hayakuishia kwenye picha. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2012, Martin McGuinness wa chama kilekile kilichoipinga ziara alimpa Malkia mkono mjini Belfast, na mwaka 2014 Rais Michael D. Higgins akawa Rais wa kwanza wa Ayalandi kufanya ziara ya kitaifa Uingereza. Charles naye alikuja kwenye soko hili mwaka 2018, akiwa bado mwana wa mfalme.

Sasa soko lenyewe. Lilifunguliwa mwaka 1788, na liliitwa la Kiingereza ili kulitofautisha na soko la wenyeji maskini lililojengwa baadaye mtaa mwingine. Jengo la upande wa Princes, lenye paa refu la mbao na chemchemi ya mapambo ya chuma katikati, ni la mwaka 1862. Liliungua vibaya mwaka 1980, likaungua tena miaka michache baadaye, na halmashauri ya mji badala ya kulibomoa ikalijenga upya. Usafi wake ni wa kuridhisha sana: sakafu huoshwa, meza hupanguswa, na harufu ni ya bahari na mkate, si ya uvundo.

Samaki ndio sababu ya kwanza ya kuja. Wapo kome, chaza, kaa, ngisi na samaki wa kila namna kutoka pwani ya magharibi, na wako pia wale waliokaushwa kwa chumvi, vipande vikubwa vigumu kama ubao, ambavyo mtu wa Mombasa au Zanzibar atavitambua mara moja kuwa ni ndugu wa ng'onda. Niliviloweka usiku kucha, nikabadilisha maji mara mbili, nikavipika kwa nyanya na nazi, na watoto waliomba tena.

Sababu ya pili, na kwangu ndiyo iliyonifunga na mji huu, ni matumbo. Kwa zaidi ya karne moja Cork ilikuwa ghala la kuzilisha meli: nyama ya ng'ombe ya chumvi na siagi vilipakiwa bandarini kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Uingereza na mashamba ya Karibi. Nyama nzuri iliondoka, na kilichobaki kwa waliochinja na kupakia kilikuwa matumbo, kwato, vichwa na damu. Wakavifanya chakula. Matumbo huchemshwa polepole kwa maziwa na vitunguu hadi yalainike kabisa, na pembeni huwekwa soseji ya damu inayoitwa drisheen, laini na ya rangi ya kahawia na kijivu. Nilipoiona mara ya kwanza nikiwa nimeketi mkahawa wa Farmgate, ulio roshani juu ya chemchemi na unaopika vitu vinavyouzwa chini yake tangu mwaka 1994, niliona mutura, soseji yetu ya matumbo na damu, wa jioni kando ya barabara ya Nyeri. Ladha si moja, kwa kuwa hii haichomwi na haina pilipili, na asiyezoea ataona imepooza. Lakini chakula hicho kimetoka mahali palepale kilipotoka cha kwetu, yaani kwa watu walioachiwa masalio na wakayatengeneza yakawa kitu cha kujivunia. Mtu asiyekula damu au nguruwe asikate tamaa, kwani mkahawa huo pia hupika samaki wa siku hiyo, na ni wazuri.

Zaidi ya hapo, tazama nyama ya ng'ombe iliyolowekwa chumvi na viungo, ambayo huuzwa mwaka mzima ingawa msimu wake hasa ni Krismasi, na mayai yaliyopakwa siagi kwa mkono yakiwa bado na joto la kuku, ufundi wa zamani wa kuyahifadhi unaoyapa maganda mng'ao kama wa shanga.

Yako mapungufu na ni lazima niyaseme. Bei za baadhi ya vibanda zimeondoka mikononi mwa mtu wa mshahara wa kawaida, na inaniuma kuona wazee waliozoea kununua hapa wakipita bila kufungua mikoba. Kibanda kimoja, ambacho sitakitaja, kilinipimia jibini pamoja na chombo chake kizito. Nilipouliza, walinirekebishia kwa heshima, lakini mteja hapaswi kulazimika kuuliza. Njia ni nyembamba, na kuanzia saa tano asubuhi makundi ya watalii husimama katikati yake kupiga picha mbele ya samaki wasiokusudia kununua, huku mama mwenye kikapu akisubiri nyuma yao. Uongozi wa mji ungefaa uweke utaratibu wa makundi hayo, kwa sababu siku wenyeji watakapochoka na kwenda kwenye maduka makubwa, wageni watabaki wakipiga picha chumba kitupu. Ninaliona hilo kuwa tishio kubwa zaidi kwa soko hili kuliko moto wa 1980.

Kati ya nyota tano, meza za samaki nazipa tano, Farmgate nne na nusu, na soko kwa jumla nne, ile moja ikiwa imeondolewa na bei na msongamano.

Soko hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumapili hufungwa. Ingia kwa mlango wa Princes kabla ya saa nne, uanze na meza za samaki wakati wauzaji bado wana nafasi ya kuzungumza. Nenda na mfuko wako mwenyewe na uwaambie unataka kupika nini kabla ya kuwaambia unataka samaki gani. Ukitaka kupika supu, omba kichwa mapema, maana kufikia saa sita mchana vichwa huwa vimekwisha.